Sifuri ya Mwanzo katika Orodha za Malipo
Ndugu Makatibu wa vyama vya msingi vya Mbeya na Iringa, ieleweke kuwa kompyuta huichukulia namba ya simu kuwa hesabu, nayo huifuta sifuri ya mwanzo. Malipo ya mkulima wa kahawa wa Rungwe yaweza kukwama kwa sababu hiyo tu.

Katika programu ya Excel, kabla ya kuandika lolote, chagueni safu wima yote ya namba, kisha bonyezeni Ctrl na 1 kwa pamoja. Kisanduku cha maagizo kitafunguka. Humo chagueni “Text”, yaani maandishi. Agizo hilo halirejeshi sifuri iliyokwisha kupotea: namba hizo hazina budi kuandikwa upya. Namba za uanachama, kama 0047, ni vivyo hivyo. Fonti na rangi, zilizomo katika kisanduku hicho hicho, zaweza kungoja.