Maji Yaleyale, Njia Mbili: Kloramini, Samaki wa Nyumbani na Damu ya Binadamu

Mtu anayefuga samaki katika tangi la kioo sebuleni huweza kubadilisha maji jioni, akatumia maji ya bomba au ya dumu lililotiwa kidonge cha kutibu maji, na asubuhi akawakuta samaki wanaelea wamekufa. Hitimisho jepesi ni kwamba dawa ile ni sumu na haifai kunywewa. Katika kata kama Issenye, wilayani Serengeti, hitimisho hilo ni la hatari kuliko kifo cha samaki wenyewe. Familia ikiacha kutibu maji kwa sababu hiyo, kipindupindu na homa ya matumbo hupata mlango. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na klorini ilikuwa miongoni mwa silaha za kuukabili.

Samaki hawakosei: maji hayo kwao ni sumu kweli. Mnywaji naye hakosei. Tofauti iko katika njia ambayo maji hupita.

Mtu anywapo maji yaliyotibiwa, kiasi kidogo cha klorini kilichomo hukutana na mate, chakula na majimaji ya tumbo, kikaisha nguvu kabla ya kuifikia damu. Samaki hana kinga hiyo. Hupitisha maji mfululizo katika matamvua, ambamo damu hutenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba mno. Klorini huyaunguza matamvua. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hupenya hadi ndani ya damu na kuigeuza himoglobini kuwa methimoglobini, ambayo haiwezi kubeba oksijeni. Damu huwa ya kahawia, na samaki hupanda juu kutafuta hewa ingawa maji yana oksijeni ya kutosha. Kiasi kisichofika miligramu 0.1 kwa lita huweza kuwadhuru, ilhali maji ya kunywa hutakiwa kubaki na angalau miligramu 0.2 yanapomfikia mtumiaji.

Kloramini hutoka wapi? Baadhi ya miji huitengeneza kwa makusudi kwa sababu hudumu kwenye mabomba kuliko klorini. San Francisco, Marekani, ilianza kuitumia mwaka 2004. Katika vijiji vya wafugaji huweza kujitengeneza yenyewe. Lambo ambamo ng'ombe hunywa, hukojoa na kunya huwa na amonia. Maji yake yakitiwa kidonge, sehemu ya klorini huungana na amonia hiyo. Harufu ya dawa inaweza kubaki, lakini nguvu ya kuua vijidudu hupungua sana, kwani kloramini huua polepole mno kuliko klorini huru. Hapa ndipo mhudumu wa zahanati anapopaswa kuwa makini: kunusa si kupima. Vipo vidonge vya kupimia vinavyogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi. Kimoja huonyesha klorini huru, kingine klorini yote, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo klorini iliyoungana. Maji ya lambo yachujwe kwa kitambaa kizito au yaachwe yatuame kwanza, kisha yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi kwa ajili ya maji machafu, na yasinywewe kabla ya dakika 30.

Kwa mfugaji wa samaki, jambo rahisi ni kuteka maji yao kabla ya kutia dawa. Samaki hawahitaji maji yaliyouliwa vijidudu. Maji safi ya kisima yanawatosha. Aliye na maji ya bomba pekee anaweza kuyaacha siku nzima katika beseni pana ili klorini iruke, lakini hila hiyo haifui dafu mbele ya kloramini, ambayo hukaa siku nyingi. Hiyo huondolewa kwa thiosalfeti ya sodiamu, ambayo ndiyo kiini cha dawa nyingi za matangi, au kwa mkaa amilifu. (Mkaa wa jikoni si mkaa amilifu, hata ukisagwa vipi.) Thiosalfeti huvunja kloramini na kuiachia amonia, nayo ni sumu kwa samaki, hasa katika maji yenye magadi. Kwa hiyo maji yabadilishwe kidogokidogo, na chujio lenye bakteria wanaokula amonia lisioshwe kwa maji ya bomba.

Yupo binadamu mmoja ambaye maji humpitia kama yampitiavyo samaki: mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine. Mgonjwa kutoka Issenye anayefuata huduma hiyo Bugando, Mwanza, hukutana na takriban lita 120 za maji katika kipindi kimoja cha saa nne, yakitenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Mwaka 1973 watafiti wa Minnesota, Marekani, walieleza katika jarida la Science jinsi kloramini ya maji ya mji ilivyovunja chembe nyekundu za wagonjwa wa namna hiyo. Tangu hapo maji ya mashine hupitishwa kwenye mkaa amilifu, kwa kuwa mtambo wa kuchuja chumvi pekee hauizuii kloramini, na klorini yote isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Kipimo hiki hufanywa kabla ya kila zamu. Si cha kufanywa mara moja kwa wiki.

Mgonjwa huyo akirudi nyumbani anaweza kunywa maji yaliyotibiwa kama jamaa zake, kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari. Lakini akifika zahanati akiwa amechoka ghafla, midomo ina rangi ya buluu, mkojo, kama bado anaupata, una rangi ya chai ya rangi, na kipimo cha kidoleni kinabaki karibu na asilimia 85 hata akipewa oksijeni, mhudumu asiridhike kuandika upungufu wa damu wa kawaida. Akipigie simu kituo kinachomsafisha damu siku hiyohiyo, kwa sababu wagonjwa wengine wa zamu ile wametumia maji yaleyale.