Naamani Alikwenda Mbali

Somo: 2 Wafalme 5:1–14

  Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo makanisani kwetu hunong'onwa tu. Wazazi, kama watoto wadogo wako karibu, yafaa wapewe kazi nyingine kwa dakika hizi chache.

Naamani alikuwa jemadari wa Shamu, mtu wa heshima na ushindi. Lakini alikuwa na ukoma. Barabarani watu walimwona jemadari. Nyumbani kwake walimjua mgonjwa.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mwanamume mmoja, mwenye mke na watoto, akafunga mlango nyuma yake. Akaniambia kwamba usiku baada ya usiku alitazama picha za uchi katika simu mpaka alfajiri, na kwamba mshahara wake ulikuwa ukiishia kwa wanawake wa nje. Kila mara aliapa kuwa ndiyo mwisho, na kila mara alirudi. Nami nilifanya nini? Nilimkemea, nikamwekea mikono, nikamwambia afunge siku tatu. Kisha nikamwaga nikidhani kazi imekwisha. Hakuonekana tena kwa muda wa mwaka mzima. Aliporudi, mkewe alikuwa amekwenda kwao. Akaniambia, "Padre, nilifunga zile siku tatu. Siku ya nne nilirudi kulekule, nikaona haya kukuambia."

Ndugu zangu, sikukosea kusali. Nilikosea kumwacha peke yake, bila kumwelekeza kwa mtu mwenye ujuzi.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeitaja hali hii. Dalili zake ni hizi: mtu anashindwa kuzuia tamaa ya mwili kwa muda mrefu, kama miezi sita au zaidi, anaacha kuangalia afya, nyumba na kazi yake, amejaribu mara nyingi kuacha asiweze, tena anaendelea ingawa anaona madhara, hata pale asipopata furaha yoyote. Lakini shirika hilo laonya pia kwamba kuona hatia peke yake hakutoshi kumwita mtu mgonjwa. Kijana anayesumbuliwa na mawazo, au aliyeanguka mara moja, anahitaji toba na malezi. Tusimbandike jina la ugonjwa.

Wala ugonjwa si ruhusa. Aliyemuumiza mkewe bado ana deni la kutubu na kutengeneza, na yafaa wote wawili wakapimwe afya hospitalini. Na kama mtu anamgusa mtoto, au anamlazimisha mwenzake, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Hapo mtoto hulindwa kwanza. Simu ya bure ya kusaidia watoto katika Kenya ni 116.

Sasa, aende wapi? Aanze hospitalini: King Fahd hapa Lamu, au ile ya Mpeketoni. Amweleze daktari wazi, kwa sababu ziko dawa, kama baadhi ya zile za ugonjwa wa kutetemeka, ambazo huweza kuamsha tamaa kupita kiasi. Na yako magonjwa ya akili yafanyayo vivyo hivyo. Kisha aombe barua ya kumpeleka kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Mombasa, hospitali ya Port Reitz inajulikana kwa kitengo chake cha magonjwa ya akili. Nairobi, Kituo cha Ushauri cha Amani kilianzishwa 1979.

Najua utasema, "Padre, huko ni mbali." Ni kweli. Ni mashua mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa. Lakini wengi wetu tunaogopa zaidi ule ukaribu wa kwetu, ambako ukiingia mlango fulani asubuhi, jioni gatini wanajua. Basi umbali waweza kuwa sitara. Naamani naye alivuka mpaka wa nchi yake. Na siku hizi washauri wengine huzungumza na mtu kwa simu baada ya kuonana naye mara ya kwanza.

Usimchague mshauri kwa kusikia sifa tu. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, na bodi ya kuwaandikisha. Basi uliza bila haya. Umesomea wapi, na umeandikishwa? Umekwisha kuwasaidia watu wenye shida kama yangu? Nitakayokuambia yatasikiwa na nani? Mshauri wa kweli hutunza siri, naye atakuambia mapema kwamba siri hiyo ina mpaka, kama maisha ya mtu au usalama wa mtoto umo hatarini. Uliza pia gharama, na kama ataiheshimu imani yako. Si lazima awe wa kanisa letu, ila asiidharau. Lakini akikuahidi kupona kwa siku moja, ondoka. Akikugusa isivyofaa, ondoka, ukamshitaki.

Naamani alikasirika alipoambiwa akaoge tu Yordani. Alitaka jambo kubwa. Wewe nawe waweza kuvunjika moyo, maana mshauri atakuuliza mambo madogo: Ni saa ngapi unapoanguka? Ulikuwa na hasira, upweke, au uchovu? Simu hulala wapi usiku? Mtajifunza pamoja kuijua njia ile tangu mwanzo wake, na kuikata kabla haijakuchukua. Ni kazi ya majuma na miezi. Naamani alijichovya mara saba, na Maandiko hayasemi kwamba aliona badiliko lolote mara ya tatu. Usiache njiani.

Je, huko ni kupungukiwa na imani? Kila nahodha wa Pate anajua kwamba Mkanda haupitiki ila maji yakijaa. Anamwomba Mungu, na anayangoja maji, tena anamsikiliza aujuaye mkondo. Hakuna amwambiaye kwamba hana imani.

Neno la mwisho ni kwenu washarika. Katika habari hii yumo kijakazi mdogo, mateka, asiye na cheo. Alijua siri ya bwana wake. Hakuipeleka kisimani. Aliitumia kumwonyesha njia ya kupona. Mtu akikufungulia moyo, uwe kama yule mtoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Lakini mara nyingi ni ndimi zetu zinazomfanya mgonjwa afiche.

Yule ndugu yangu alipanda basi. Nilikwenda naye safari ya kwanza. Bado anatibiwa, na mkewe sasa hupokea simu zake.

Tuombe. Ee Baba, umjuaye kila mtu hata sirini, mtie nguvu yeye aliyefungwa, apate kusema. Wape hekima wanaowatibu watu wako. Nasi utupe vinywa vya kutunza siri na miguu ya kusindikiza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.