Uzamivu wa mipango miji: swali kwanza, fedha baadaye

Maombi ya shahada ya uzamivu katika mipango miji hupimwa kwanza kwa swali la utafiti. "Mafuriko jijini Dar es Salaam" ni mada tu, na mada haifadhiliki. Swali ni hili: kwa nini kaya zilizobomolewa nyumba bonde la Msimbazi hurudi kujenga palepale? Linataja mahali na watu, na linaweza kujibiwa ndani ya miaka mitatu au minne. Jiji lenyewe lina maswali tele. Lilipata mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini sehemu kubwa ya nyumba zake imejengwa nje ya mipango hiyo, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 5.3.

Swali likishatulia, hutafutwa msimamizi. Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, ndicho kitovu cha fani hii nchini Tanzania. Barua kwa msimamizi haina haja ya kuzidi ukurasa mmoja: swali, njia ya kulijibu, na sababu ya kumwandikia yeye, inayoonyesha kwamba kazi zake zimesomwa. Ujerumani mwombaji kwa kawaida humpata msimamizi kabla ya kusajiliwa. Uholanzi na Sweden nafasi nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Marekani idara humpokea mwanafunzi, na mara nyingi humlipia ada na posho, naye hufundisha au husaidia utafiti.

Fedha hutoka milango kadhaa. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, husomesha uzamivu katika vyuo vya Uingereza. Shirika la Ujerumani la DAAD hufadhili masomo Ujerumani na hata ndani ya Afrika. Sweden, kupitia Sida, imesomesha wahadhiri wengi wa Tanzania kwa mpango wa kugawa muda kati ya chuo cha nyumbani na cha Sweden. Mwajiri naye asisahaulike, kwani mhadhiri aliyepewa ruhusa ya masomo huweza kuendelea kupata mshahara.

Pengo kubwa huwa kwenye kazi ya uwandani. Ufadhili mwingi hulipa ada na kujikimu, ukaacha kidogo kwa ukusanyaji wa data. Ndiyo maana bajeti huandikwa kwa mafungu madogo madogo: posho za wasaidizi watakaohoji kaya, siku ya kuwafundisha dodoso, nauli za daladala na bajaji, picha za satelaiti, vocha za simu. Bajeti ya namna hiyo humwonyesha mfadhili kwamba mwombaji anaujua mtaa anaouandikia.

Kalenda nayo ina uzito wake. Anayechunguza mafuriko huhitaji masika, yaani Machi hadi Mei. Fedha zikifika Juni, itabidi angoje vuli ya Oktoba, ambayo huenda isitoshe, au masika ya mwaka unaofuata. Ratiba hupangwa kwa kuhesabu miezi kurudi nyuma kutoka msimu wa mvua.

Kisha vibali. Mtafiti kutoka nje ya nchi huomba kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na mwanafunzi wa chuo cha ndani hupewa barua na chuo chake. Barua hupita mkoani na halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata na kuishia ofisi ya serikali ya mtaa. Huko mjumbe ndiye humfikisha mtafiti mlangoni. Hatua hii haifai kurukwa. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilichorwa alama nyekundu ya X kabla ya kubomolewa. Mgeni mwenye karatasi anayehesabu vyumba huko hudhaniwa ameleta bomoabomoa. Ni lazima aeleze anachotafuta, aombe ridhaa na ayafiche majina ya waliomjibu.

Fungu la mwisho la bajeti ni la mrejesho: ukumbi, maji ya kunywa, na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili. Waliojibu dodoso wana haki ya kusikia majibu yao yamefikia wapi, na nakala ya muhtasari huo hubaki ofisi ya mtaa.