Mkono Uliovunjika kwa Makusudi

Mpwa wangu alinivalisha hedifoni tukiwa ukingoni mwa Shimo la Mungu, Newala, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kujilaza chini likielekea Msumbiji. "Mjomba, sikiliza hii halafu useme kweli." Alisoma Nairobi, na huko ndiko alikoambukizwa muziki wa metali. Nairobi ina bendi zake za metali na wapenzi wake waaminifu, jambo ambalo sisi wa kusini hatuna habari nalo. Nilisikiliza kama dakika kumi. Nikamwambia bendi hii ni ya zamani, kitu cha mwaka 1986 hivi. Akacheka mpaka akakaa chini. Albamu ilitoka 2007.

Inaitwa Enter the Grave, kazi ya Evile, vijana wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Nilikosea kwa miaka 21, na mtu anayeishi kwa kufundisha watu kusikiliza muziki hapaswi kukosea hivyo bila kujiuliza sababu.

Kwanza niwaeleze wasiojua. Aina hii ya metali huitwa thrashi. Mpigaji gitaa analaza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gitaa, kisha anachapa kwenda chini tu, chini tu, kwa kasi ya kuumiza kifundo cha mkono. Uzi haupati nafasi ya kulia: unagongwa na kunyamazishwa papo hapo. Kinachotoka ni kama cherehani iliyofungwa injini ya pikipiki. Nyuma yake ngoma zinakimbia, na mbele mwimbaji anafoka badala ya kuimba. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni fujo. Akirudia mara ya tano anagundua kuwa ni hesabu kali sana, kila mkato na mahali pake.

Thrashi ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, California na New York, ikavuka haraka hadi Ujerumani na Brazil. Mwaka 1986 peke yake zilitoka Master of Puppets ya Metallica, Peace Sells ya Megadeth na Reign in Blood ya Slayer, ambayo haifiki hata nusu saa. Vijana wale walichukua uzito wa metali ya Kiingereza wakauchanganya na haraka ya panki. Walikua wakiambiwa kwamba makombora ya nyuklia yanaweza kuruka siku yoyote, na hofu hiyo imo ndani ya kasi yenyewe. Hawakuwa na fedha, na wengi walirekodi usiku usiku, siku chache, studio za bei nafuu. Ndiyo maana rekodi nyingi za mwanzo zina sauti nyembamba, kavu, kama inatoka ndani ya debe. Shikeni hilo la debe, nitalirudia.

Miaka 20 baadaye likaja wimbi la vijana waliotaka yote yale yarudi. Evile walikuwa mstari wa mbele. Walianza kwa kupiga nyimbo za Metallica, kisha wakaandika za kwao, na ulipofika wakati wa kurekodi wakafunga safari hadi Copenhagen, kwa Flemming Rasmussen, prodyuza yule yule aliyeisimamia Master of Puppets. Ni kama kijana anayeitamani kanzu ya babu yake, akamtafuta fundi yule yule na cherehani ile ile, ukakosekana mwili wa babu tu.

Na wanapiga vizuri! Nisionekane nawaonea. Ngoma zimenyooka kuliko za wazee wao, magitaa ni safi, hakuna pa kuwashika mkono. Ndiyo maana nilipata tabu kumweleza mpwa wangu nini hasa hakikunikaa. Kusema "wameiga" hakutoshi. Sote tunaiga, hata Kiswahili ninachoandikia tuliwaiga mama zetu.

Maneno niliyokuwa nayatafuta niliyapata Masasi siku chache baadaye, chini ya mwembe kando ya barabara, na milima ya mawe imesimama nyuma kama inasikiliza. Palikuwa na kijana anachonga mpingo. Amekaa chini, gogo amelibana kwa nyayo, tezo ameiweka pembeni kwa kuwa kazi ngumu imekwisha, sasa anatumia patasi ndogo, kisha tupa, kisha msasa. Mpingo una ngozi mbili: nje mbao ya rangi ya maziwa, ndani kiini cheusi, na vumbi lake lilimtia kijana weusi wa zambarau kwenye kucha. Alikuwa anamalizia shetani: jicho moja, mdomo umepinda hadi sikioni, na mkono mmoja.

Nikamuuliza mkono wa pili uko wapi.

"Shetani ana mkono mmoja, mzee. Ndivyo alivyo."

"Nani kasema?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani kasema ng'ombe ana pembe.

Sasa, katika historia ya vinyago vya Kimakonde kuna kisa maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wachongaji wengi kutoka upande wa Msumbiji walikuwa wamevuka Ruvuma, wengine wakifuata kazi ya mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakafika Dar es Salaam wakawa wanamuuzia vinyago mfanyabiashara aitwaye Mohamed Peera. Mmoja alikuwa Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba siku moja kinyago chake, cha sura ya binadamu wa kawaida, kilivunjika mkono. Mwingine angekitupa. Samaki alikitazama, akaona kwenye lile jeraha kiumbe wanachokijua watu wa kwao, kile cha porini ambacho hakikukamilika, akaendelea kukata: akaliharibu jicho, akaupotosha mwili. Peera akakipokea, akataka vingine. Ndivyo mtindo wa shetani ulivyoingia sokoni, na leo makumbusho ya Ulaya na Marekani yana mashetani ya Kimakonde.

Mkono wa Samaki ulivunjika. Mkono wa kijana wa Masasi haujawahi kuvunjika, maana haukuwahi kuwepo. Amechonga kovu bila jeraha.

Na hilo ndilo lililonisumbua kwenye Enter the Grave. Lile debe nililosema mlishike lilikuwa ajali ya umaskini. Bendi nyingi za uamsho wa thrashi zimeligeuza pambo: kijana wa leo ana kompyuta inayoweza kumpa sauti pana kama uwanja wa mpira, naye anakaa siku nzima kuipunguza mpaka ifanane na studio ya fundi asiye na fedha. Hata picha za majalada ni zile zile. Ed Repka, aliyechora jalada la Peace Sells mwaka 1986, alianza tena kupata kazi za vijana waliotaka mafuvu na mionzi kama ya zamani. Makombora yenyewe yamekuwa mapambo ya ukutani, wala hayamnyimi mtu usingizi.

Msomaji wa huku ataniuliza: kwani mila si ndiyo hiyo, kurudia ya wazee? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno "asili" limetuponza sana.

Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, akapanda hadi Newala akiwa na kamera na fonografu, akanasa nyimbo za watu wetu kwenye mitungi ya nta na kukusanya vinyago vya sura kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Kitabu chake kilichapwa 1908. Mtu anaweza kusema basi tumepata asili, tuirudie hiyo. Lakini nyimbo alizozisikia nyingi zilikuwa za mambo ya juzi na jana, zilizotungwa palepale. Na vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani au usoni kwenye ngoma ya jando, havikugoma kupokea mambo mapya: kwenye makabati ya makumbusho utaona lipiko la Mhindi mwenye kilemba, la mzungu mwenye pua ndefu, la askari. Vikundi vya mapiko vilishindana, kijiji kwa kijiji, na anayeshindana hawezi kuja na sura ile ile aliyoileta mwaka jana. Mzee wa 1906 angekuwa wa kwanza kumzomea anayemwiga yeye.

Sindimba, ngoma yetu ya Kimakonde, ndiyo iliyopatwa na ugonjwa huo wa kurudia. Ilipochukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma miaka ya 1960 ikawa ya nchi nzima, jambo jema. Lakini ili ienee ilibidi ifupishwe na ipangwe, na leo ukiona wanafunzi wa Mwanza na wa Morogoro wakiicheza, kiuno kinakatwa pale pale na tabasamu linatolewa pale pale. Heri wanamuziki wa dansi. Mlimani Park walipoanza 1978 walichukua jina la Sikinde, ngoma ya Wazaramo, na wale waliotokana na NUTA Jazz ya 1964 wakashika Msondo. Jina la kale, lakini magitaa na tarumbeta zilikuwa zinasema habari za mjini, za mishahara na za ndoa zilizovunjika juzi. (Siku hizi bendi zinazopiga "zilipendwa" kwa kufuata kila pumzi ya rekodi ya redio zinanichosha kama Evile, ila kwenye harusi nacheza.)

Mtu wetu anayenipa moyo ni George Lilanga. Alizaliwa 1934 Kikwetu, wilaya ya Masasi, akajifunza kuchonga kama wengine, akaenda Dar es Salaam, akaingia Nyumba ya Sanaa kupitia kazi ya ulinzi. Hakubuni shetani. Alimkuta tayari, na jicho lake moja. Alichofanya ni kumhamisha kutoka mpingo mweusi hadi kwenye rangi: bluu, njano, waridi, masikio makubwa, meno nje, mashetani wanaopika, wanaogombana, wanaokwenda hospitali. Kwa Samaki shetani anatisha. Kwa Lilanga ni jirani. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Baadaye kisukari kilimkata miguu, wasaidizi wakawa wanamjazia rangi, na tangu afariki 2005 mashetani ya "Lilanga" yanaendelea kuzaliwa bila yeye. Mengi ni mazuri ya kutundika sebuleni. Hakuna hata moja, katika niliyoyaona, linalofanya jambo ambalo Lilanga hakulifanya.

Upande wa thrashi mfano wa aina hiyo ni Sepultura wa Belo Horizonte, Brazil. Walianza 1984 wakiwa waigaji watupu, tena waigaji wabaya, wakiimba Kiingereza wasichokijua. Miaka 12 baadaye, kwenye Roots ya 1996, walikwenda kurekodi na watu wa Xavante kijijini kwao, ngoma za Brazil zikaingia chini ya magitaa. Wapo mashabiki wa zamani waliokasirika wakisema hiyo si thrashi tena. Huenda kweli.

Kipimo ninachokitumia mimi, mkikitaka, ni hiki: iondoe kazi hiyo kwenye rafu, kisha utazame kama pamebaki pengo. Mwondoe Lilanga, pengo lipo, tena kubwa. Iondoe Roots, lipo. Iondoe Enter the Grave, rekodi zinasogeleana tu.

Nilimpa mpwa wangu hukumu yangu kwa simu: sita kati ya kumi, tano za mikono na moja ya nauli ya Copenhagen. Akasema namwonea wivu ujana wake. Huku Umakondeni mpwa ndiye mrithi wa mjomba, kwa hiyo sikubishana sana. Rekodi zangu zote zitakuwa zake, na atazipanga rafuni anavyotaka.

Yule kijana wa Masasi sikumnunulia shetani la mkono mmoja. Nilimwagiza kazi nyingine: mkulima amekaa mnadani anasubiri malipo ya korosho zake. Alifuta vumbi kwenye patasi, akafikiri.

"Huyo ana mikono mingapi, mzee?"

Nikamwambia hiyo ni kazi yake kujua. Nimelipa nusu, na kinyago atanikabidhi msimu wa korosho ukiisha.