Uganda: Hewa chafu ya Kampala yauweka moyo hatarini

Msimu wa kiangazi, wakazi wa Kampala huamka na kuona utando wa moshi na vumbi juu ya vilima vya mji wao. Wengi hudhani madhara yake ni kikohozi tu. Kumbe moyo nao umo hatarini.

Moshi wa magari, bodaboda, mkaa na taka zinazochomwa hubeba chembechembe zisizozidi mikromita 2.5, nyembamba mno kuliko unywele. Hupenya mapafu hadi kwenye damu, huchochea uvimbe katika mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aweza kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya saa au siku chache.

Hali ya hewa huzidisha tatizo. Usiku, hewa baridi hutuama mabondeni na kuuzuia moshi usipande hadi jua lichomoze. Baridi hubana mishipa. Joto kali hupunguza maji mwilini na kuuchosha moyo. Mvua huisafisha hewa.

Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani hupendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembechembe hizo kwa kila mita ya ujazo. Kampala huvuka kiwango hicho mara kadhaa, kama vinavyoonyesha vipimo vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Maumivu makali ya kifua, mdomo kupinda au mkono kufa ganzi ghafla si mambo ya kungojea kupambazuke: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.