Adui Aliyeko Jikoni: Kikundi Kinaweza Kumsaidia Vipi Mgonjwa wa Ulaji?



Tumezoea kuongea nanyi hapa juu ya ng'ombe wa maziwa, mikopo ya kikundi na kulinda chemchemi. Leo tunataka kuongea juu ya chakula, lakini si namna ya kukilima. Tunaongea juu ya mtu ambaye chakula kipo jikoni kwake, na hicho chakula kimekuwa adui yake.

Hebu tuchukue mfano. Tumwite Mama Moraa. Si mtu fulani mnayemjua, ni mfano tu. Mama Moraa anachuma majani chai asubuhi, na siku ya soko anauza ndizi Keroka. Katika kikundi yeye ndiye mweka hazina, na hesabu zake hazijawahi kukosea. Mbele ya watu anakula kidogo sana. Lakini usiku, wote wakilala, anaingia jikoni. Anamaliza ugali uliobaki, anamaliza mkate wa watoto, anakula haraka haraka hata bila njaa, mpaka tumbo linauma. Halafu anatoka nje gizani kujitapisha. Asubuhi anaapa kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho. Usiku ukifika ni yale yale. Baba akiuliza mkate umeenda wapi, watoto ndio wanaochapwa. Mama Moraa anasikia fimbo, na ananyamaza.

Sasa tuulizane: huyu ni mlafi? Ni mtu mbaya? Hapana. Huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake unajulikana na madaktari.

UGONJWA WENYEWE

Uko wa namna tatu kubwa. Wa kwanza ni wa mtu anayejinyima chakula mpaka anakonda vibaya, na bado anajiona mnene. Unaitwa anoreksia. Wa pili ni kama wa Mama Moraa: kula kingi kwa mara moja bila kuweza kujizuia, halafu kujitapisha, kumeza dawa za kuendesha, au kufunga siku nzima ili kufuta kile kilicholiwa. Huo ni bulimia. Wa tatu ni kula kingi hivyo hivyo mara kwa mara bila kujitapisha, na baadaye kubaki na huzuni na kujichukia.

Wasichana na wanawake vijana ndio wanaopatikana nao zaidi, lakini wanaume pia wanaugua. Tena usidhani utamtambua mgonjwa kwa kumwangalia. Wengi wana mwili wa kawaida kabisa.

Haujatokana na chanzo kimoja. Kuna wanaorithi udhaifu fulani katika ukoo, kuna waliopitia mateso au dhuluma, kuna waliochekwa kwa sababu ya mwili wao, na kuna walioanza kwa kujinyima kidogo tu ili wapungue.

KWA NINI KWETU UNAJIFICHA

Kwanza, kwetu chakula ni upendo. Mgeni akikataa obokima na chinsaga, mwenye nyumba anaumia. Kwa hiyo mgonjwa anajifunza kudanganya: "Nimekula nilikotoka." Pili, mtu akikonda, majirani wanaanza kunong'ona juu ya UKIMWI au uchawi, na hakuna anayeuliza juu ya chakula. Tatu, wapo wanaojificha nyuma ya mfungo. Mfungo wa ibada una mwanzo na mwisho, na mtu anaumaliza kwa furaha. Anayefunga kwa sababu anauogopa mwili wake hana siku ya kumaliza.

Nne, iko aibu. Mtu yuko tayari kusema ana malaria, yuko tayari hata kusema ana deni. Lakini nani atasimama na kusema, "Mimi ndiye niliyekula mkate wa watoto"?

Hapo ndipo njia ya hatua kumi na mbili inapoingia.

NJIA HII ILITOKA WAPI

Ilianza kwa walevi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alikutana na daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith. Wote wawili pombe ilikuwa imewamaliza. Wilson alikuwa amejaribu miezi kadhaa kuwahubiria walevi, na hawakuacha. Siku hiyo hakuhubiri. Alisimulia tu yaliyompata yeye mwenyewe. Yule daktari, aliyekuwa amesikia mawaidha mengi, kwa mara ya kwanza alimsikia mtu anayejua. Kutoka hapo kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao. Leo kiko katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Baadaye mwanamke mmoja wa Los Angeles, anayejulikana kwa jina la Rozanne tu, alimsindikiza rafiki yake kwenye mkutano wa watu wanaojaribu kuacha kamari. Aliwasikia wakieleza jinsi walivyoficha, walivyodanganya na walivyoapa bure. Akashangaa: hayo yalikuwa maisha yake mwenyewe, tofauti ni kwamba kwake ilikuwa chakula. Mwaka 1960, pamoja na wanawake wengine wawili, alianzisha Overeaters Anonymous kwa ajili ya wenye shida ya kula.

HATUA KWA UFUPI

Hatua ni kumi na mbili. Sisi tunazieleza kwa maneno yetu, tukizifunga katika mafungu manne:

1. Kukubali (hatua ya 1 hadi 3). Mtu anasema wazi: nimeshindwa na jambo hili, peke yangu siliwezi, nahitaji nguvu iliyo kubwa kuliko mimi. Kila mmoja anamwelewa Mungu kwa imani yake.

2. Kujikagua (4 hadi 7). Anaandika mambo yake yote bila kujipendelea, kama vile kikundi kinavyokagua daftari la hesabu. Kisha anamsomea mtu mmoja anayemwamini, na anaomba aondolewe kasoro zake.

3. Kurekebisha (8 na 9). Anaorodhesha aliowakosea, na anatengeneza pale panapowezekana, ila asimwumize mtu tena kwa kufanya hivyo. Kwa Mama Moraa, hapa ndipo anapowaita watoto na kuwaambia: "Mlichapwa bure. Ni mimi." Si neno rahisi kwa mzazi.

4. Kuendelea (10 hadi 12). Anajichunguza kila siku, anasali au kutafakari, na anamsaidia mwingine mwenye shida hiyo. Hii ya kumsaidia mwingine ndiyo inayomlinda yeye mwenyewe asirudi nyuma.

POMBE NA CHAKULA SI SAWA

Angalieni vizuri hapa. Mlevi anaweza kuacha chang'aa kabisa, asiionje tena mpaka kufa. Lakini nani anaweza kuacha kula? Mgonjwa wa chakula lazima akutane na adui yake kila siku, asubuhi, mchana na jioni.

Kwa hiyo haachi chakula, anaacha zile tabia: kula kwa kujificha, kujitapisha, kujinyima. Badala yake anajiwekea mpango wa kula, akisaidiwa na mtu wa afya: uji asubuhi, chakula cha mchana kwa saa yake, cha jioni pamoja na familia. Chakula kwenye sahani, mezani, mbele ya watu. Anayeruka chakula cha mchana anaitafuta shida ya usiku mwenyewe, maana njaa kali ndiyo inayomrudisha jikoni.

MKIONA HAJA YA KUANZISHA

Watu wawili au watatu wanatosha. Chumba kimoja chenye utulivu na saa moja kwa wiki vinatosha. Fuateni haya:

- Yanayosemwa humo yabaki humo. Siri ikitoka mara moja, kikundi kimekufa.
- Kila mtu aongee juu yake mwenyewe. Asikatizwe, asishauriwe, asihukumiwe.
- Msipime uzito, msitaje kilo, wala msisifu mtu kwamba amekonda au amenenepa.
- Msiuchanganye na mkutano wa mikopo. Anayedaiwa hawezi kufungua moyo mbele ya anayemdai.
- Hakuna mwenyekiti wa kudumu, hakuna ada. Sharti ni moja tu: mtu atake kupona.
- Hata mkikutana katika jengo la kanisa, kikundi si cha kanisa. Msabato, Mkatoliki, Mwislamu na asiyesali, wote wakae.

Na iko moja ya kwetu Wagusii: chinsoni. Mama hawezi kuyasema haya mbele ya baba mkwe, wala kijana mbele ya mzazi wake, na si vizuri kuwalazimisha. Basi wakutane wa rika moja, wanawake na wanawake wenzao. Msichana anayekosa wa rika lake anaweza kuanza kwa nyanya yake, maana kwetu nyanya na mjukuu huongea kwa uhuru.

KIKUNDI SI HOSPITALI

Hapa hatutaki mtu akosee. Mwaka 2020 wataalamu waliopitia tafiti nyingi juu ya walevi waliona kwamba njia hii inasaidia watu kuacha pombe kabisa, sawa na matibabu mengine au hata kuyazidi. Kwa upande wa chakula tafiti bado ni chache. Kwa hiyo msiahidi miujiza, na kikundi kiende sambamba na matibabu.

Mpelekeni mtu hospitali haraka mkiona haya: anazimia, moyo unapiga ovyo, anatapika damu, anajitapisha kila siku, amekonda upesi sana, au anasema hataki kuishi. Kujitapisha mara kwa mara kunapunguza madini mwilini, hasa potasiamu, na moyo unaweza kusimama. Tena aliyekaa muda mrefu bila kula asilishwe chakula kingi kwa ghafla nyumbani, hata kama ni kwa upendo. Mwili wake unaweza kushindwa. Aanzishwe polepole chini ya uangalizi wa daktari.

Anzeni na mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati ya karibu, muombe kuelekezwa hospitali kubwa, iwe Kisii au Nyamira, na muulize juu ya huduma ya afya ya akili.

Wazee wetu walikuwa na risaga. Shamba la wimbi likizidiwa na magugu, majirani walifika na majembe. Hawakuja kumuuliza mwenye shamba kwa nini amelala, walikuja kupalilia. Lakini kwanza ilibidi yeye mwenyewe awaite. Kina Mama Moraa walio kati yetu bado hawajaita, kwa sababu hawajui kama tutakuja na jembe au tutakuja na maneno. Tuwaonyeshe.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, mtu akitoa siri yake, inafika wapi kabla ya jioni?
2. Ni maneno gani juu ya mwili wa mtu tunayoyasema kwa mzaha, na yanaweza kumwumiza?
3. Mkate ukipotea nyumbani, tunauliza kwanza au tunachapa kwanza?
4. Msichana wa kwetu akitaka kuongea, ni mama gani hapa anaweza kumwendea bila hofu?