Mkalimani na Daftari Lake la Usiku



Safari yetu ya kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Migori na Homa Bay ilitukutanisha na kijana mwenye kazi adimu: ni mkalimani wa Kijapani. Huenda msomaji akauliza, Mjapani afuata nini huko? Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki wamechunguza malaria kwa miaka mingi. Na penye wageni hapakosi haja ya ulimi wa kuwaunganisha na wenyeji.

Tulimwuliza ugumu wa kazi yake. "Sheikh," akajibu, "Kiswahili hukanusha mapema, mtu akianza na 'sitaki' umekwisha kumjua. Kijapani huweka kitenzi na ukanushi mwishoni. Ukiharakisha kufasiri, umemsingizia mtu." Akatutajia pia neno *hai*, itikio la Wajapani. Mara maana yake ni ndiyo, mara ni "nakusikia" tu.

Kisha akatuhadithia kikao kimoja kijijini, upande wa Migori. Wageni waliomba idhini ya bibi mjane wachimbe kisima kando ya boma lake. Bibi akasema kwa Kijaluo, *"Awinjo,"* yaani nimesikia. Watu wakatabasamu, wakimngojea mkalimani aseme bibi amekubali. Hakusema hivyo. Alifasiri neno kama lilivyotamkwa: amesikia. Bibi akaulizwa tena, ndipo akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mahali palipochaguliwa pamekaribia mno kaburi la mumewe. Kisima kikahamishwa.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeagizwa na Mtume (s.a.w.) kujifunza maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua. Yapokewa kuwa aliyamudu kwa nusu mwezi. Baadaye akapewa amana kubwa zaidi, ya kuikusanya Qur'ani. Ulimi wa mfasiri ni amana kama ilivyo mali ya yatima: haipunguzwi, wala haichezewi.

Lakini mtu asemaye maneno ya wengine kutwa nzima, ya kwake huyaweka wapi? Kijana akatuonyesha daftari. Baada ya Isha huandika hadithi za watoto kwa Kiswahili: wavuvi wa omena, taa zao zikimeta ziwani usiku, na samaki wabishi wanaojadiliana na mwezi. Alitusomea moja huku akicheka mwenyewe, nasi tukacheka. "Mchana siruhusiwi kuongeza hata neno," akasema. "Usiku naongeza nipendavyo." Tulipomwuliza kama hutia humo siri za vikaoni, alitikisa kichwa. Yaliyosemwa mbele yake si mali yake.

Wazazi, twawasihi msiiite kalamu ya mtoto upuuzi kwa kuwa haijaleta unga nyumbani. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na kazi hiyo haikumzuia kuandika. Riziki ya halali na furaha ya halali zaweza kukaa nyumba moja, kila moja na saa yake.

Allah azihifadhi ndimi zetu na azibariki kalamu za watoto wetu. Amin.